Sauti ya Baba Kwenye Laptop

Fundi alikuwa ameshasogeza kidole kwenye kitufe cha kukubali pale yule mama alipomshika mkono.

"Subiri kwanza, mwanangu," alisema. "Sauti yake umeiweka wapi?"

Fundi alishusha pumzi. Swali hilo alikuwa akilijibu tangu asubuhi, na uvumilivu ulikuwa unamwishia. Laptop iliyokuwa mezani ilikuwa ya zamani, nzito kama tofali, herufi za kibodi zimefutika kwa kubonyezwa mpaka ungedhani mwenyewe alikuwa karani wa mahakama. Mwenyewe, mume wa yule mama, alizikwa juzijuzi tu. Binti yao wa pekee, anayeishi ng'ambo, hakuweza kuja mazikoni kwa sababu mimba ilikuwa kubwa na madaktari walimkataza kusafiri.

Sasa alikuwa amejifungua salama, na bibi alitaka kumwona mjukuu kwenye skrini. Programu ya simu za video ikagoma. Mfumo wa laptop ulikuwa umepitwa na wakati, na bila kuwekewa mpya, mjukuu angeendelea kuwa kilio tu ndani ya kijisimu cha batani. Kununua mashine nyingine halikuwa jambo la kuzungumzia, maana matibabu ya marehemu yalikuwa yamekomba kila kitu.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Mgumu alikuwa mama, ambaye sasa hivi anakubali na muda si muda anakataa. Fundi alimweleza kwamba picha na faili zote ameshazihifadhi pembeni. Vitakavyopotea ni vikorokoro vya kale visivyopatana na mfumo mpya: mchezo wa karata, programu ya printa iliyokwisha kufa, na ile ya kuwasomea watu maandishi, ambayo walioitengeneza walishafunga duka. Kama macho yanamsumbua asihofu, mfumo mpya una msomaji wake, tena anasoma kama mtangazaji wa redio.

Mama aliinamisha kichwa. "Mimi nataka sauti yake," alisema.

Basi fundi, ambaye alikuwa na ulimi mkali lakini hakuwa na roho mbaya, aliwaacha wateja wengine wakinung'unika, akaanza kuitafuta hiyo sauti. Alifungua folda moja baada ya nyingine. Picha zilikuwa tele: marehemu sebuleni, marehemu kwenye harusi ya bintiye, marehemu kitandani hospitalini, na kila mahali ameipakata laptop hiyohiyo. Fundi alicheka, akasema mzee kazi ilimkaa kichwani, hata siku ya harusi ya mwanawe hakuiweka chini. Mama naye alicheka kidogo, ila machozi yalimlengalenga. Rekodi haikupatikana hata moja.

"Mama, sina sababu ya kukudanganya. Hakujirekodi," fundi alisema, kwa upole ambao hakuwa ameutumia siku nzima. "Labda hakuwa mtu wa maneno mengi."

"Nani, yule?" Mama alijipangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Alikuwa msemaji, ungemkimbia. Namwambia tulale, yeye bado ana maneno."

Fundi alimwonea huruma. Alishawaona wafiwa wa namna hiyo, wanaodhani mtu wao amejificha ndani ya mashine, na aliona hakuna dawa ila binti mwenyewe aseme naye. Alimwomba ampigie. Simu ikawekwa mezani, sauti juu.

Binti aliongea kama mtu aliyechoka kubembeleza. Alisema mtoto anakua kila siku na bibi yake hamjui sura. Picha zote zimehifadhiwa, fundi keshasema, sasa mama anang'ang'ania nini tena?

"Mama, Baba hayumo humo ndani," alimalizia. "Mimi hata kumzika sikumzika. Unadhani siumii? Mwache fundi afanye kazi yake."

Mama aliipapasa ile kibodi. Alimtaka mjukuu. Alimtaka kuliko kitu chochote alichobakiwa nacho, na ndiyo maana alikuwa ametoka na mashine ile nyumbani akijua fika anakwenda kuifanya nini. Lakini kujua hakukumpunguzia uchungu.

"Haya," alisema hatimaye. "Weka huo mpya. Ila nipe nafasi kidogo nimuage."

Fundi alimgeuzia laptop, akidhani atataka kuzitazama picha. Mama hakuzigusa picha. Alifungua ukurasa mtupu, akaanza kutafuta herufi kwa kidole kimoja, taratibu, maana nyumbani kwao aliyekuwa akisema kwa kuandika ni mumewe. Alipomaliza alibonyeza kitufe cha pembeni ambacho fundi hakuwahi kukiona kikitumika.

Ile programu ya kale iliamka ikasoma. Ilisoma kwa sauti kavu ya bati, ikiyavunja maneno ya Kiswahili mahali pasipostahili, kama mgeni aliyeshuka jana:

"Mwa. Nangu. Ume kula?"

Fundi alijikuta anatabasamu, akanyoosha mkono aipunguze sauti. Kwenye simu, binti alikuwa bado anahimiza. Alinyamaza katikati ya neno. Kwa muda alisikika mtoto mchanga peke yake, akilia bila mtu wa kumbembeleza.

"Mama," binti alisema, "mwambie Baba arudie."