Nusu Kikombe

Kijiko kiligongagonga kikombe kabla hakujakucha. Daktari Notburga aliusikia mlio huo akiwa bado kibarazani, akajua mkono wa mkurugenzi haujatulia.

Miaka kumi na moja daktari huyo alikuwa akitibu magonjwa ya akili na kuwashauri wakubwa wa kampuni. Huyu, mkurugenzi wa malori ya makaa ya mawe, Daktari alimfundisha kung'ang'ania meza ili watu wasione anavyotetemeka. Bodi ya kampuni ilimtaka mkurugenzi akaongee saa tatu asubuhi hiyo na madereva waliogoma hapo Mbinga.

“Nichome sindano tu, Daktari,” mkurugenzi alisema alipomwona akiingia. “Nisimame hata nusu saa.”

Mkewe alikuwa anamimina chai. Kikombe cha mgeni alikijaza. Cha mumewe akaishia nusu, ili chai isimmwagikie.

Daktari alikitazama kikombe kile. Yeye hakuwahi kumpunguzia huyu mtu chochote.

“Leo huendi,” alisema. “Naiandikia bodi kwamba unaumwa.”

“Bodi ndiyo iliyokuleta. Hawatakuita tena.”

“Wasiniite.”

Kijiko kikanyamaza.

“Basi kesho uje,” mkurugenzi alisema taratibu. “Uje tena, hata kama hujatumwa.”