Mtihani wa Mjane wa Bukima

"Viti maalum vya wanawake bungeni," Masatu alisoma, daftari mkononi, amekaa kizingitini akiuziba mlango wote. "Zamani vilikuwaga vingapi?"

"Kumi na tano," Hyasinta alijibu huku akimenya mihogo.

"Na tangu uchaguzi wa juzi, wa tisini na tano?"

"Hawatoi idadi tena. Ni asilimia isiyopungua kumi na tano."

Masatu aliguna. Hyasinta alimwogopa shemeji yake huyu kuliko mamba. Tangu mumewe, Felisian, azikwe, mdogo huyu wa marehemu alifika kila alasiri, akagusa nguzo za nyumba, akauliza bati liliezekwa mwaka gani. Kwake alikuwa na mke na watoto sita, lakini macho yalikuwa huku. Kurithi mjane bado ilikuwa desturi, padri aseme atakavyo.

Wazee wa ukoo walikwisha kukaa. Bungeni wanawake walitengewa viti; kwenye kikao kile Hyasinta hakupewa hata kigoda. Habari aliletewa na Masatu mwenyewe: "Wamesema tungoje majibu ya mtihani wako wa ukarani."

Basi akaelewa. Akifaulu, atahamia Musoma na wanawe wawili, kazi ya serikali, mtu asimguse. Akifeli, amekwisha. Nafasi ya ukarani ilikuwa moja tu, tena mwaka ambao serikali yenyewe ilikuwa inapunguza watu. Alisoma mpaka akawa anaiota katiba.

Kilichomtisha zaidi ni kwamba Masatu hakumzuia. Alimletea mafuta ya taa. Alimwazimia kijitabu cha katiba kwa katibu kata. Hyasinta akikosea jibu, Masatu alikasirika kama mtu aliyeibiwa. Huyu ananitafutia pa kuanguka, mjane alijisemea, na usingizi ukampaa.

Siku ya mtihani Masatu alimpeleka mjini kwa baiskeli, akamngoja nje juani. Swali la tatu lilikuwa la viti maalum.

Barua ilifika baada ya miezi miwili. Hyasinta aliisoma mara mbili, akampa Masatu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akamtazama usoni.

"Nimefaulu, shemeji. Kawaambie wazee."

Masatu aliisoma taratibu mpaka kwenye muhuri. Akacheka, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni mwake.

"Nakwenda sasa hivi. Walikuwaga wananikatalia kukurithi, eti siwezi kulisha nyumba mbili bila mshahara."