Aliyemshikia Simu

Makanika aliirudisha video nyuma, akaitazama tena. Mkewe alikuwa anacheka. Si kule kutabasamu kwa kubana midomo. Kucheka hasa, kichwa nyuma, mpaka lile jino lililopandana na mwenzake likaonekana peupe.

Jino hilo mkewe alilificha tangu usichana. Kwenye picha zote za harusi amejiziba mdomo kwa kiganja. Aliyezoea kuliona ni mumewe peke yake, tena nyumbani, mlango ukiwa umefungwa. Leo linatazamwa na watu asiowajua, wakila chakula chao cha mchana.

"Shemeji kachangamka siku hizi," alisema mwenzake wa gereji, akichungulia begani. "Ulimfanyaje?"

"Nimemfundisha mwenyewe," alidanganya, akaizima simu.

Kumfundisha alikuwa amejaribu kweli, akashindwa vibaya. Duka la ushonaji la mkewe lilipoanza kupwaya, huku fundi wa ng'ambo ya barabara akiwazoa wateja kwa video zake, yeye ndiye aliyesema, "Na wewe jitokeze, watu wakuone." Jumapili moja akaja dukani na simu, akashika usukani.

"Inua kidevu. Tumbo ndani. Funga mdomo kidogo, mama, jino linatoka. Sasa mbona umetoa macho kama umefumaniwa unaiba?"

Kila aliposahihisha, mkewe alizidi kukauka. Mwishowe alivua tepu shingoni, akafuta machozi kwa kipande cha bitana, akasema basi, duka na lifungwe, potelea mbali.

Halafu video zikaanza kutoka. Bila yeye.

Wala hazikuwa video za kujivunia. Moja ilimkata mkewe kuanzia paji la uso kwenda juu. Nyingine ilimulika feni ya darini muda mrefu, huku mkewe akieleza namna ya kukunja pindo la gauni. Lakini alieleza kwa raha kama anayempigia umbea shoga yake wa siku nyingi, na wateja wakamiminika. Nyuma ya simu ilisikika sauti ya mwanamume, nzito, isiyo na haraka. "Enhe," ilisema. "Halafu?" Na mkewe anacheka.

Makanika alijiuliza ni mpiga picha gani anayemkata mtu kichwa. Akajijibu mwenyewe: ni yule aliyezama mapenzini mpaka mkono unamtetemeka. Wivu ukamkaba, spana zikawa zinamponyoka mkononi.

Jioni alimkuta mkewe jikoni anamenya vitunguu.

"Nani huyo anayekushikia simu?"

"Jirani mpya wa mlango wa pili. Tunamwita Mtangazaji, kwa ile sauti yake."

"Na muda wote huo anakukodolea macho tu?"

Mkewe aliangua kicheko. "Huyo? Hana habari na sura yangu."

Jibu hilo halikumwingia akilini. Mwanamume mzima amesimama mbele ya mke wa mtu, simu mkononi, halafu hana habari na sura yake! Kwani yeye alionekana mjinga kiasi gani? Akasukuma sahani, akasema hana njaa. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kununa. Mkewe akimuuliza ana nini, anajibu hana kitu, kwa sauti ya mtu aliye na kitu kikubwa.

Kilichommaliza subira ni video ya Ijumaa. Katikati ya maelezo ya mikono ya blauzi, mkewe alimtazama aliyeshika simu, akasema, "Unajua, mbele yako sioni aibu hata kidogo."

Makanika aliondoka gereji bila kunawa mikono. Njiani aliamua, na akaapa hatarudi nyuma: leo mkewe atachagua, ama mwanamume huyo au ndoa. Kama ni duka kufa, na life.

Mlango wa duka ulikuwa wazi, feni ikiunguruma. Mkewe alisimama kando ya mdoli wa kuvalishia nguo, uso umemng'aa. Kwenye kiti cha wateja alikaa mwanamume nadhifu, shati limenyooka pasi, simu ameiinua usawa wa kifua. Na alikuwa mzuri wa sura, jambo ambalo makanika hakuwa amejiandaa nalo.

"Mume wangu! Karibu, ndiyo kwanza tunaanza..."

"Nyamaza wewe." Hakuwahi kumwambia hivyo tangu waoane. Akamgeukia mwanamume. "Na wewe, unatafuta nini kwa mke wangu?"

Mtangazaji aliishusha simu. "Karibu, kaka. Huyu kila siku anakusifu wewe tu."

"Usiniite kaka! Nitazame ninaposema nawe!"

Hakungoja jibu. Aliizunguka meza ya kukatia nguo, akapita nyuma ya cherehani, akasimama ubavuni pa kiti, mkono wenye oili umenyooka tayari kuinyakua simu. Alikuwa karibu kiasi cha kunusa sabuni ya shati lile. Mtangazaji hakugeuka. Aliendelea kuutazama mlango mtupu, akitabasamu kwa adabu zote, na dharau hiyo ikamwasha makanika mpaka masikio.

Mkewe alimtazama mumewe tu, machozi yakimlengalenga.

"Uko upande gani, kaka?" aliuliza Mtangazaji, mkono wake ukipapasa chini ya kiti mpaka ukaipata fimbo nyeupe.