Mistari Saba ya Chaki

Nilivaa ile miwani ya kompyuta ya mazoezi ya uokoaji mgodini nikicheka, meneja wa kampuni akitutazama.

"Ukizimia tutakuokoa, mzee," mkufunzi alinitania.

"Mimi nimefukiwa kweli mara mbili, mwanangu. Mgodi wa katuni utanifanya nini?"

Moshi ukatanda. Nilitambaa nikimulika kuta, na kwenye nguzo ya tatu cheko likanikauka.

Mistari ya chaki. Saba.

Sisi wachimbaji tukifukiwa, huchora mstari mmoja kwa kila siku tuliyo hai. Chini yake palichorwa samaki, mkia umepinda, alama ya mdogo wangu tuliyemwita Perege.

Kampuni ilituambia Perege alikufa papo hapo mwamba uliposhuka. Siku ya pili walisitisha uokoaji, wakasema njia imezibika kabisa, hakuna atakayefika tena.

"Mwanangu, ukuta huu mmeubuni wenyewe?"

"Hapana, mzee. Ni picha halisi, tulipewa na kampuni."

"Aliyezipiga alipitia wapi?"



"Mvue hiyo miwani," meneja akasema nyuma yangu, taratibu mno.

Nikaishika kwa mikono miwili isivuliwe, nikaanza kuhesabu upya ile mistari.