Honi ya Donati

Kichwa kingine kigeni! Magreti alitoka mbio na kipande cha papai mkononi, na mtaa mzima wa relini pale Kimamba ukatoka naye.

Tangu mwekezaji apewe reli, vichwa vya treni vya kukodi vilikuja kwa sura ambazo hakuna aliyezizoea. Hiki kilikuwa cha buluu, pua ndefu, mngurumo wa kutisha. Watu wakabishana: cha Wahindi, hapana, cha Afrika Kusini. Costancia, jirani wa Magreti, hakubishana. Yeye hutazama kitu kimoja tu, dirisha la dereva. Treni ikishapita, hushusha pumzi na kurudi ndani.

Maskini, anamngoja mumewe, watu husema. Donati alikuwa dereva wa treni, na kama wenzake alikuwa na honi yake ya kumwambia mkewe ainjike sufuria: fupi mbili, kisha moja ndefu ya kuburuza. Ole wake Costancia mume afike ugali haujaiva! Kilio chake kilisikika mpaka stesheni. Wafanyakazi walipopunguzwa, Donati akatoweka. Costancia alisema kadandia treni ya mizigo kwenda Tabora kutafuta kibarua. Miaka minne sasa, hata salamu. Mwanamke kabaki na mpapai wake nyuma ya nyumba, unaozaa kuliko yote mtaani. Mwenyewe hali hata kipande. Huwagawia majirani.

"Shoga, mwanamume gani huyo wa kungojwa hivi?" Magreti alimtania, huku akilamba vidole. "Olewa tena, bwana!"

"Mimi simngoji," alijibu Costancia. Nani angemwamini?

Kichwa cha buluu kikakaribia, kikapiga honi. Fupi mbili. Kisha moja ndefu, ya kuburuza.

Magreti nywele zilimsimama. Halafu vigelegele vikapasuka.

"Donati! Donati karudi!"

Costancia aligeuka na kukimbilia kwake.

"Kaenda kuinjika sufuria," mtu akasema, na watu wakacheka huku wengine wakifuta machozi.

Magreti alikimbilia stesheni kumlaki mume wa mwenzake. Aliyeshuka kwenye kichwa kile alikuwa Rafaeli, kijana aliyewahi kuwa msaidizi wa Donati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Donati yuko wapi?"

"Mimi ndiye ningekuuliza wewe! Honi ile alinifundisha yeye. Nimempigia mama Costancia, nikadhani atafurahi."

Mungu wangu! Magreti alirudi mbio, amuwahi mwenzake kabla hajampikia mtu asiyekuja. Jikoni hakukuwa na moto. Aliita, hakuitikiwa. Akazunguka nyuma ya nyumba.

Costancia alikuwa amepiga magoti chini ya mpapai, jembe kalitupa pembeni, mikono imezama shimoni hadi viwikoni.

"Mwenzangu, si yeye!" Magreti alisema, akihema. "Ni Rafaeli. Donati hajarudi!"

Costancia alishusha pumzi, vilevile kama anavyoishusha kila treni ikipita.

"Najua," alisema. "Nimemgusa. Bado yumo."