Fundi Aliyesimama Mlangoni

Rael alikuwa ameshatoa njiti ya kiberiti alipoona kwamba fundi amesogea mpaka mlangoni.

Dakika moja tu iliyopita, mtu huyo alikuwa amepiga magoti nyuma ya jiko kubwa la meko sita, akifunga paipu mpya ya gesi. Sasa mguu wake mmoja ulikuwa nje, na begi la spana liko begani.

"Iko sawa, Mama. Washa tu."

Rael amepika katika hoteli hii ya Eldoret miaka kumi na minne, na hajawahi kuona fundi akikimbia kazi ya mikono yake. Wengine wote, wakishafunga paipu, huipaka povu la sabuni, halafu huinama waone kama kuna mahali linafura kwa gesi inayovuja.

"Umepima na sabuni?"

"Mara mbili, Mama."

Aliinama akapitisha kidole pale paipu inaposhikana na jiko. Kidole kilirudi kikavu, kina vumbi. Akanusa. Hakuwa na hakika.

Alirudisha njiti ndani, akamnyooshea fundi kiberiti chote.

"Njoo uwashe wewe."

Fundi alicheka kidogo. Akaangalia kiberiti, akaangalia mtungi wa gesi, akaangalia wateja waliokuwa wakingoja chai upande wa pili wa dirisha. Kisha akashusha begi polepole.

"Mama," alisema, "sabuni mnaweka wapi?"