Jina Analolilia Mtoto

Gari la Abdisalam lilikuwa limeshapita Kiminini ndipo Nelima akakumbuka kwamba hakufunga mlango wa jikoni.

"Wacha tu, shemeji," akasema Abdisalam, rafiki wa mume wake Levi. "Mwizi akiingia atapata nini? Ugali wa jana?"

Nelima alicheka kidogo. Mtoto alikuwa analia mapajani mwake. Alianza Jumapili, na sasa ilikuwa Alhamisi. Kliniki ya Kitale walimpima masikio, tumbo, damu, wakasema ni mzima. Lakini titi alikuwa analishika kidogo na kuliachilia, na mashavu yalishaanza kuisha. Mama mkwe, Mama Edah, alipiga simu kutoka Bumula na maneno machache: huyo analilia jina, mleteni kabla hajakauka.

Kwa Wabukusu hilo si ajabu. Mtoto akikataa kunyamaza, mkubwa wa nyumba humtajia waliokufa wa ukoo, mmoja mmoja, huku amewekwa kwenye titi. Akinyonya, basi huyo ndiye aliyekuja. Aliye hai hatajwi. Ni kama kumchimbia kaburi.

"Sisi tungemwita Aziz tumalize," Abdisalam akasema. "Fupi, na maana yake ni mpendwa. Wewe Nelima ni nini?"

"Nilizaliwa watu wakilima."

"Na Levi?"

"La Biblia. Pasta alituambia siku ya harusi. Ati ni kuambatana."

"Kuambatana, na bwana yako kila wiki ako Suam na mahindi ya watu? Wangemwita Safari, bana."

Levi aliahidi angewafuata Bumula. Simu yake haikuwa inashika, lakini huko mpakani simu ni za kubahatisha.

Webuye Abdisalam alishuka kununua ndizi. Aliporudi alimkuta Nelima ameshika simu mkononi, anaangalia barabara.

"Ni Levi?"

"Ni watu wa Suam. Wamesema tusimngoje."

"Si nilikuambia."

Akampa ndizi moja. Nelima aliishika mpaka Bumula bila kuimenya.

Mama Edah alikuwa amekaa mlangoni, miguu imevimba, ameivika soksi za mwanamume. Alikuwa na ugonjwa wa moyo. Daktari alishaonya asiletewe habari za kushtua. Alikuwa amezaa sita, akabaki na Levi.

"Na kijana wangu je? Ama Suam ameoa?"

"Anakutafutia sukari, mama," Abdisalam akasema.

Nelima akaomba maji.

Hawakukawia. Nelima alikaa kwenye mkeka, akamweka mtoto kwenye titi. Mama Edah akaanza na marehemu mumewe, Wakoli. Mtoto akageuza uso. Akaja kwa Mukhisa, shemeji yake aliyekuwa fundi wa baiskeli, mtu wa utani. Mtoto akazidi kupiga kelele. Akataja wazee wa zamani ambao hata yeye hakuwaona. Mwishowe akataja watoto wake mwenyewe waliotangulia, hata wasichana, sauti ikishuka kila alipotoka kwa mmoja kuingia kwa mwingine.

Titi likabaki nje.

"Huyu ana kiburi," akasema, akijifuta jasho kwa leso. "Nimewamaliza. Sina mwingine aliyekufa."

Sauti ya mtoto ilikuwa inakwaruza. Hakuwa analia tena hasa. Alikuwa anafungua mdomo tu na kuufunga.

Abdisalam alisimama dirishani. "Tumpeleke hospitali, shemeji. Gari ina mafuta."

Nelima alimwangalia mama mkwe wake, zile soksi, mikono yake iliyolala mapajani.

"Mama," akasema, "lala kwanza kidogo."

"Nilale mtoto akifa? Wewe nyonyesha."

"Basi nisamehe."

Akainama sikioni mwa mtoto. "Levi," akasema.

Mtoto akashika titi, akanyonya.

Abdisalam alirudi Kitale siku hiyo hiyo, akaenda Suam kuleta mwili uliotolewa mtoni. Mazishi yalikuwa Jumanne. Mama Edah aliishi mpaka Machi, na jina hilo halikutoka mdomoni mwake tena. Alikuwa anamwita mtoto "wewe" tu. Nelima hakurudi Kitale, analima Bumula na kuuza mboga. Mtoto anatembea sasa. Ukimwita Levi, anaitika.